Katika Kitabu cha Ubatizo Sikuwa na Mama

Mwaka wa pili wa uhuru nilipata nafasi katika chuo cha ualimu. Walitaka barua ya ubatizo, maana wengi wetu hatukuwa na cheti cha kuzaliwa. Nilitoka Wamagana asubuhi kwa miguu mpaka misheni, upande wa Nyeri mjini, nimevaa sweta ya kuazima. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi.

Karani wa parokia alifungua kitabu kikubwa cha mwaka wangu, akashusha kidole ukurasa baada ya ukurasa. Mwishowe aliinua macho, akanitazama uso, kisha nywele.

"Ngoja," akasema. "Wewe utakuwa kwa ile ingine."

Aliingia chumba cha ndani, akarudi na kitabu chembamba. Hapo ndipo nilipojua kwamba watoto wa rangi yangu tuliandikwa kando, ingawa maji tuliyomwagiwa kichwani yalikuwa yale yale ya wenzetu. Baba yangu alikuwa Mzungu, msimamizi wa shamba la kahawa, aliyerudi kwao kabla sijaanza kutembea. Mama hakuwahi kunificha hilo. Neno "chotara" nalo nililizoea. Niliitwa hivyo shuleni, niliitwa hivyo sokoni. Karani akanisomea polepole, akitafsiri.

"Msichana. Chotara. Miaka kama miwili. Baba Mzungu, hajulikani. Mama hajulikani. Ameletwa na mfanyakazi wa dobi ya misheni, aliyemwokota njiani."

Jina la mfanyakazi huyo lilikuwapo. Lilikuwa jina la mama yangu.

"Huyo ndiye mama yangu," nikamwambia. "Amenizaa."

"Hii kitabu haisemi hivyo." Hakusema kwa ubaya. "Mimi naandika kile iko hapa. Kama amekuzaa, akuje mwenyewe aambie padri. Padri ataongeza maneno kando."

Nilimkuta mama nyuma ya nyumba akipura maharagwe. Nilimwita Maitu, kama watoto wote wa kwetu walivyowaita mama zao.

"Maitu, uliniokota njia gani?"

Fimbo ikasimama hewani. Hakuuliza ninasema nini. Alikaa chini kwenye maganda, akafuta uso.

"Ningesema nimekuzaa, wangenifukuza dobi," akasema. "Na watoto kama ninyi walikuwa wanachukuliwa, wanapelekwa nyumba ya kulelea machotara huko mbali. Ningesema nimekuokota, nikaomba nikulee, padri angekubali. Alikubali."

"Ni hivyo tu?"

"Na kulikuwa na mtu anataka kunioa."

Mtu huyo ndiye aliyenilea, mwalimu wa katekisimu. Kijiji kizima kilijua mimi ni wa nani, naye alijua. Lakini padri aliyewafungisha ndoa, ambaye asingekubali mwalimu wake amwoe mwanamke aliyezaa nje, aliambiwa bibi arusi hajawahi kuzaa.

Nilimwomba twende wote misheni. Alikataa, kisha akalia, kisha akasema atakuja Ijumaa. Wakati huo alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa.

Ijumaa nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi tangu saa mbili. Karibu saa sita niliwaona akina mama wakivuka uwanja na mafagio na maua ya kupamba altare. Mama alikuwa katikati yao, na kitambaa chake cheupe kichwani. Alinitazama. Hakuna mtu aliyesimama kati yetu. Nikainuka. Yeye akamgeukia mwenzake, akasema jambo, wakaingia kanisani.

Nilirudi kwa karani nikamwambia aandike kama ilivyo.

Chuoni, mwandikishaji alisoma barua ile akaniuliza, "Wewe ni yatima?"

Nilijibu, "Ndiyo." Nilijishangaa jinsi neno hilo lilivyotoka kwa urahisi.

Muhula wa pili mama alikuja kunitembelea, amebeba viazi vitamu na ndizi. Mlinzi alituma niitwe, nikawakuta getini wakibishana.

"Huyu anasema ni mama yako," mlinzi akaniambia, "na kwa ofisi umeandikwa ati hauna mama. Ni nani?"

Mama alinisubiri niseme. Ningeweza kumaliza jambo lile kwa neno moja.

"Ni mama aliyenilea," nikasema.

Akainamisha kichwa, akaanza kunipangia viazi mikononi. Tulikaa kwenye nyasi, tukaongea habari za mvua na ng'ombe wa jirani. Saa tisa akasema basi litamwacha.

Hatukuligusa jambo lile kwa miaka mingi. Nilifundisha Kangema, nikaolewa, nikapata watoto watatu. Wote niliwaandikisha mwenyewe, nikimsimamia karani mpaka amalize kila herufi. Kisha siku moja mama akaja kwangu, amezeeka, uso unang'aa. Alikuwa ameungama kwa padri mpya.

"Nimemwambia yote," akasema. "Amesema Mungu amenisamehe. Nimetua mzigo, mwanangu."

"Na kitabu?"

"Kitabu gani?"

Nilimtazama nione kama anajifanya. Hakuwa anajifanya. Alikuwa amekuja kunipa habari njema, na alitaka nifurahi naye. Nilikwenda jikoni, nikakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.