Sigiri Tuliyoitoa Uani

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suti niliyorudi nayo kutoka Uingereza, nikaingia ofisi ya kilimo ya Tororo na diploma ya kilimo cha bustani mkononi. Uhuru ulikuwa bado mbichi. Katika Wilaya nzima ya Bukedi sikumjua mtu mwingine wa kwetu mwenye karatasi ya namna ile. Baba yangu alikuwa mkulima wa pamba Merikit, si chifu wala karani, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilijishika mwenyewe. Vijana mnaosoma haya mkumbuke hilo kabla ya kulalamika.

Bwana Shamba Mkuu, ndivyo tulivyomwita mkuu wa kilimo wa wilaya, aliitazama karatasi, halafu akaitazama suti.

"Diploma umeleta. Mikono je?"

"Nayo nimeileta, Bwana Mkubwa."

"Basi nenda Busia, na uende na mkeo. Nataka bustani nyuma ya nyumba ya serikali, watu waione wakipita. Pamba wanaijua. Nataka wale mboga."

Mke wangu Nabwire ni Msamia wa Buhehe, na tulikuwa tumeoana muda mfupi tu. Tulipewa nyumba ya vyumba viwili, jiko la nje lenye mlango wa bati, na kiwanja kilichojaa magugu, kando ya njia ya miguu waliyopita watu wakienda na kurudi mpakani. Kabla ya mvua kukolea nilikuwa nimekigeuza matuta yaliyonyooka kama kitambaa kilichopigwa pasi. Sijawahi kuona bustani iliyonishinda kwa mistari, hata huko nilikosoma.

Kabichi haipandwi shambani moja kwa moja. Mbegu zinaanza kwenye kitalu, yaani tuta dogo la udongo laini lililofunikwa kichanja cha nyasi. Miche ikikaribia kuhamishwa, unaipunguzia maji na kuifunua kidogo kidogo ili izoee jua. Kazi hiyo tuliiita kukomaza miche. Wengi siku hizi wanairuka, halafu wanalaumu mbegu. Nikishahamisha, nilitandaza majani makavu shinani ili unyevu usikimbie. Nabwire alikuwa na upande wake: kunde, mgagani na mlenda. Mistari yake haikunyooka, lakini sikuigusa, naye hakugusa yangu.

Jioni tulichuma pamoja na tukapika pamoja. Nabwire alipika mlenda kwa maji ya majivu. Unachoma maganda makavu ya maharage, majivu yake unayaweka kwenye chungu chenye matundu, unapitisha maji, na yanayodondoka chini yana rangi ya chai na yanalainisha mboga yoyote. Mimi nilikaanga kabichi kwa vitunguu na nyanya, nikaiepua mapema.

"Hii inalia mdomoni," Nabwire alisema siku ya kwanza.

"Ni kwa sababu bado iko hai."

"Basi iue, Bwana Shamba. Mimi sili kitu kinachonijibu."

Tulibishana hivyo kila jioni, na sijui chakula kingine kilichonipa raha kama kile. Siku nyingine aliweka karanga za kusaga kwenye mgagani, akanionjesha kutoka kwenye mwiko, akasubiri uso wangu useme. Ulisema.

Lakini mlango wa bati hauzuii macho. Jirani yetu, mke wa karani wa forodha, alikuja siku moja kuomba moto, akanikuta nimechutama kwenye sigiri, jiko letu la makaa, huku Nabwire akipepeta wimbi. Alichukua kaa lake la moto akaondoka. Wiki hiyohiyo wanawake walimwandama Nabwire kisimani.

"Nabwire, dada yangu, hiyo dawa wewe ulinunua wapi? Na mimi nipe. Wangu hata maji ya kunywa hajichotei."

"Usimwulize. Atatuuzia bei ya diploma."

Walicheka, lakini maneno yalifika Buhehe siku ya soko. Nilipopika, aibu haikuniangukia mimi. Mimi nilihesabiwa mgonjwa. Aliyehesabiwa mkosaji ni Nabwire: ama hajui kupika, ama amemlisha mumewe kitu. Kwa Wasamia wa wakati ule, mke wa namna hiyo alirudishwa kwao afundishwe upya. Mama yake asingeweza kuja kwangu, kwa maana mama mkwe na mkwewe hawatazamani, sembuse kuingia nyumbani kwake. Akatumwa shangazi yake, tuliyemwita Senge.

Senge alifika mchana, mwanamke mrefu mwenye kitambaa cheupe kichwani, akakataa kiti, akaketi juu ya mkeka. Kisamia changu kilikuwa kibovu, kwa hiyo alisema nami Kiswahili cha sokoni.

"Mkwe, mimi nakuja kuchukua mtoto. Atakaa kwetu mpaka wimbi inaiva. Akijua kupika, tutamrudisha. Asipojua, tutaongea tena."

Nabwire aliinama. Nilijua maana ya kuongea tena. Ndoa nyingi zilikufa katika maongezi hayo.

Nikaenda ndani nikaileta diploma yangu, ambayo nilikuwa nimeitia kwenye fremu. Senge aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza akatazama nyuma yake.

"Hapa inaandikwa wewe upike?"

"Inasema najua mboga kutoka mbegu mpaka sahani, Senge."

"Sahani ni ya huyu." Akamgeukia Nabwire. "Inuka. Pika. Mkwe akae hapa na karatasi yake."

Nikakaa. Nabwire akasonga ugali wa wimbi na muhogo, akapika kunde kwa maji ya majivu, akachoma samaki mkavu akamtia kwenye karanga. Senge alikula bila haraka, akanawa mikono, akanitazama.

"Kumbe anajua. Tena ananipita mimi. Sasa kwa nini unamnyang'anya kazi?"

Ninajua kuhutubia watu, lakini siku ile maneno yalitoka bila kupangwa.

"Simnyang'anyi, Senge. Huko nilikosoma nilipika peke yangu miaka yote ya chuo, chumba kimoja, sufuria moja. Hakuna hata siku moja mtu aliniambia chumvi imezidi. Nilipooa nikaapa sitapika tena peke yangu, na yeye pia hatapika peke yake."

Senge akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Huu mlango wa jiko, mnafunga?"

"Tunafunga. Kuna mbwa."

"Mbwa!" Akacheka mpaka kitambaa kikalegea. "Mkwe, mwanaume anapika ndani, mlango inafungwa, huyo amelishwa dawa. Mwanaume anapika uani, mchana, watu wanapita, huyo yuko kazini. Toa sigiri nje. Mimi nalala hapa, kesho naona."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Tuliweka sigiri uani, mbele ya matuta, nikavaa suti yangu. Mimi nilikata, Nabwire akakaanga; yeye akachambua kunde, mimi nikachuja majivu. Njiani watu wakapunguza mwendo. Mke wa karani wa forodha akaja mpaka ukingo wa bustani.

"Bwana Shamba, leo unafanya nini?"

"Ninafanya kazi ya serikali," nikamjibu. "Njoo uonje."

Akaonja kabichi, akakunja uso, akaonja tena. Nabwire akamweleza kuwa ikizidi kulia mdomoni aongeze matone ya maji ya majivu. Akaomba miche. Wengine wakafuata, na kabla ya jua kutua kitalu changu kilikuwa kitupu. Senge akafunga mzigo wake, akaondoka peke yake.

Bwana Shamba Mkuu alikuja na Landrova yake baadaye, akasimama uani, akala sahani mbili. "Jambo hili halimo katika kanuni za kazi," alisema. "Msiliache." Tulihamishiwa Tororo, kisha kwingine, na kila kituo kitu cha kwanza kutoka nje kilikuwa sigiri. Vyeo vilipanda, na nilistahili kila kimoja. Lakini nikiulizwa kazi yangu ilikuwa nini, nasema nilikuwa nusu ya jiko moja.

Nilistaafu, tukajenga Merikit. Wiki ya kwanza nilikaa uani na kisu na kitunguu, bila cheo chochote cha kunikinga. Jirani mmoja akasimama njiani.

"Mzee, si serikali ilikuachia? Mbona bado uko na kisu?"

Niliendelea kukata kitunguu. Nabwire hakuinua kichwa kutoka kwenye kunde zake.

"Serikali ilimwachia," alisema. "Mimi bado."