Damu ya Baba Amira

Mwanne wa Bagara, Mama Amira, alizaliwa na shaka zake. Mchele hakuununua bila kuutafuna mbichi, na noti yako angeiinua juani hata kama umetoka nayo benki sasa hivi. Wateja wa duka lake walinuna, kisha walirudi, maana kwake hakuna aliyepunjwa. Mtu mmoja tu hakumshuku, naye ni mumewe Shaaban, dereva wa lori la mahindi. Ukimgusa huyo, umeyataka mwenyewe.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, ofisi zinanuka rangi, Shaaban alipoliingiza lori mtaroni kule Maisaka. Alikuwa amempa lifti Katarina, mkulima wa Mbulu aliyekuja mnadani, na mama wa watu akavunjika mguu. Polisi wakampeleka Shaaban maabara moja ya binafsi akatolewe damu. Majibu yakasema alikuwa amelewa. Shaaban, mtu wa swala tano! Mjini ikawa lisemwalo lipo. Leseni ikashikiliwa, kesi ikafunguliwa, na jela ikawa inamnyemelea. Mwenyewe alisema tu kwamba Mungu anajua.

Mwanne hakumwachia Mungu peke yake. Alijifunga kanga kiunoni, akaenda maabara kuuliza cheti cha serikali kiko wapi, mbona ukutani kuna kalenda tu. Mhudumu akamjibu kwamba kiko Arusha kinatengenezwa. Cheti kinatengenezwa, kwani ni kiatu? Akauliza ngozi husafishwa na nini kabla ya sindano, akaambiwa spiriti. Weee! Yaani wanampaka mtu spiriti, halafu wanashangaa kuikuta pombe?

Tangu hapo akawa mgeni wa kila siku ofisi za mkoa. Anaamkia, anakaa kwenye benchi, anawachosha, mpaka wakaguzi wakaja kutoka Dar es Salaam. Hao nao walikuwa watu wa shaka, akawapenda. Waliipa maabara damu ambayo wao wanajua haina hata tone la pombe, wakanyamaza. Maabara ikajibu kwamba ina pombe. Kumbe hata ithibati haijawahi kupata, na mashine haijakaguliwa tangu inunuliwe! Ikapigwa kufuli, na kesi ya Shaaban ikafutwa.

Ijumaa iliyofuata Mwanne alipika pilau. Majirani waliosema sana ndio aliowaalika kwanza, makusudi kabisa. Katarina naye alikuja na mkongojo wake. Watu waliposhiba, alisema kwamba mambo ya mashine yeye hayajui, lakini siku ile alikaa kando ya dereva, na kuna jambo halijamtoka moyoni.

"Baba Amira, mguu nimeshausamehe," alisema. "Shika tu msahafu useme hukunywa, nami nirudi kwangu na moyo mweupe."

Mwanne hakungoja hata mumewe ajibu. Alikwenda kutawadha upesi, furaha imemjaa, akauleta msahafu kwa mikono miwili. Shaaban alikuwa anaangalia mkeka.

"Urudishe ndani, Mama Amira," alisema taratibu. "Siku ile nilikunywa."

Majirani wakainamia sahani tupu. Mwanne alibaki amesimama, msahafu kifuani, anatafuta la kumuuliza mumewe na halipati. Katarina akavuta mkongojo wake, akaomba mtu wa kumsindikiza stendi.