Dhambi Iliyogandisha Kompyuta

Nikiwa mdogo niliamini kabisa kwamba kompyuta huganda ikitazamwa na mwenye dhambi. Juzi Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, ilipokwama ikijiwasha ofisini kwetu Sotik, nilikumbuka alasiri moja katika ukumbi wa kanisa, uliojaa harufu ya mvua na makoti mabichi.

Mwalimu Chelangat alikuwa akituwekea Linux kwenye kompyuta kwa diski. Mashine ilinguruma, ikaonyesha pengwini, nembo ya Linux, halafu ikanyamaza kama miaka mia mbili hivi. Nikamwungamia Mama aliyekuja kunichukua: “Ni mimi niliyeyamwagia majani yetu ya chai maji, yawe mazito kwenye mizani ya mnunuzi.”

“Sawa. Tutaongea nyumbani,” Mama akasema polepole.

Mwalimu akatoa diski kwenye mashine, akaiinua dirishani.

“Kuungama ni vizuri, kijana. Lakini kompyuta haijui dhambi za mtu. Hii diski imekwaruzika.”