Karibu Iliyojibiwa kwa Chupa

Amefariki mwanamke ambaye niliwahi kumwona kwa macho yangu akimpasua mwanawe paji la uso kwa kikaango cha chuma, na nimemlilia kuliko nilivyowalilia baadhi ya jamaa zangu wa damu. Habari ilinifikia kwa simu, nikiwa Kenton, London, dukani kwa Mhindi mmoja mzaliwa wa Kisumu, tunabishana bei ya mihogo kama kawaida yetu. "Mama ametutoka," sauti ilisema, sauti nzito ya mtu mzima, yenye Kiingereza cha sokoni. Aliyepiga simu ndiye huyohuyo mwana wa kikaango. Niliirudisha mihogo kwenye kreti nikatoka nje bila kuaga. Wasomaji wangu mmezoea kunisoma nikiwachamba wanasiasa wetu. Leo mnivumilie, maana namlilia Mwingereza, tena mkaanga mayai.

Mkahawa wake ulikuwa Woolwich, pembeni mwa soko. Miaka ya sabini mimi nilikuwa mchukuzi pale, nashusha magunia ya viazi asubuhi na kwenda chuoni mchana. Ukiingia, moshi wa mafuta unakupokea mlangoni. Mayai, maharage ya kopo, tosti, chai nyeusi ya kugeuza meno rangi kabla haijatiwa maziwa. Hapakuwa na meza ya mtu. Penye kiti kitupu unakaa, hata kama wa mbele yako ni muuza nyama mwenye damu mpaka kwenye viwiko. Na soko lile halikuwa mahali pa wapole. Watu walipigana ngumi kugombea nafasi ya kuweka meza, na niliwahi kuona mtu akichomwa mkono kwa ndoano ya kuvutia masanduku ya samaki, kisha akaingia kunywa chai kitambaa kikivuja. Mwenyewe mama alikuwa mfupi, mikono minene yenye makovu ya mafuta, naye alimwita kila mtu mpenzi. Mara ya kwanza kuniita hivyo nilitazama nyuma nione mumewe yuko wapi. Baadaye nilijua kwamba anaweza kukuita mpenzi huku anakutupa nje. Siku moja muuza nyama aliinyooshea kidole meza yetu akasema yeye hawezi kula pamoja na manyani. Mama alitoka jikoni, akaichukua sahani yake nusu imeliwa, akaivurumisha barabarani. "Kamalizie huko, mpenzi," alimwambia. Yule bwana alikwenda kweli, mayai yake yamekwisha kukanyagwa na baiskeli.

Meza yetu ilikuwa yangu na rafiki yangu mmoja wa Unguja, mshona viatu, aliyenizidi umri kidogo. Mayai yake aliyataka yasiguse mafuta ya nguruwe, na siku alipolieleza hilo kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, mkahawa mzima ulicheka. Mama hakucheka. Kesho yake tulikuta kikaango kipya cha chuma kizito kimetundikwa kwenye msumari wake peke yake. "Atakayekigusa hiki kwa nguruwe," aliwatangazia wote, "nitamkaanga yeye." Rafiki yangu alimlipa kwa adabu aliyotoka nayo kwao. Akiwa anakula na mtu akatokea, yeyote yule, alisukuma sahani katikati ya meza, akavuta kiti kwa mguu na kusema, "Karibu." Mama aliuliza maana, akaelezwa, na tangu hapo kila asubuhi akipita mezani petu anaonjeshwa kipande cha tosti aliyoichoma mwenyewe. Hata mwanawe, aliyekulia katika mkahawa ule akilala juu ya magunia ya unga, alikaribishwa hivyohivyo tangu hajaota ndevu.

Kisha mtoto akakua, akanyoa kipara, akavaa mabuti ya kufunga kamba mpaka juu, akapata marafiki. Jumamosi moja hao marafiki waliandamana barabara kuu wakitaka sisi tufukuzwe nchini, na walipochoka kupiga kelele walishuka sokoni kutafuta mtu. Dirisha la mkahawa lilivunjika kwanza. Vioo viliingia kwenye chai. Watu walirukia jikoni, wengine chini ya meza, mimi nikasimama, na kiti kikanishukia mkononi. Kidole changu cha kati mpaka leo hakikunjiki. Rafiki yangu hakusimama. Wengi walidhani ni ushujaa. La, hakuwaona hata wale vijana. Alimwona mtoto wa nyumba ameingia mlangoni, na kwa mazoea tu alisukuma sahani katikati, akavuta kiti kwa mguu na kumwambia, "Karibu." Wenzake walimgeukia kijana wakamcheka. Uso ulimwiva. Aliinyakua chupa ya sosi pale mezani, zama hizo zilikuwa chupa za kioo kinene, akampiga nayo rafiki yangu sikioni. Chupa ilipasuka. Sosi na damu vilichanganyika shingoni hata hukujua kipi ni kipi. Alipoanguka walimwandama kwa mabuti, mbavuni, tayani, mdomoni, na nakumbuka meno mawili yakiteleza juu ya sakafu yenye mafuta mpaka yakagonga mguu wa meza.

Hapo ndipo mama alipotoka jikoni na kikaango kile. Hakupiga kelele. Aliwapita wawili wa kwanza kana kwamba hawapo, akamfikia wa kwake, akambamiza usoni kwa nguvu za mikono miwili. Mlio ule ninao hadi leo. Kijana alikaa chini kama mtu aliyekatwa miguu, damu inamwingia machoni, anaita "Mum" kwa sauti ya kitoto. Wenzake waliufuata mlango. Polisi walipofika na kuuliza nani kampasua huyu, mkahawa mzima, hata muuza nyama, waliapa kwamba ameteleza. Mama peke yake alisema, "Nimempiga mimi. Akiinuka nitampiga tena." Kisha alipiga magoti kwa rafiki yangu, akamlaza kichwa mapajani, na kitu alichoomba radhi kilinishangaza. Aliomba radhi kwa kukichafua kikaango. "Sikuona kingine karibu, mpenzi," alisema, na machozi yalikuwa yanamtiririka.

Kijana alifungwa, na ushahidi aliutoa mama. Alipotoka jela alimkuta mama yake amesimama mlangoni. Mama alikuwa akiishi ghorofani juu ya mkahawa, na njia ya kupanda ni hiyohiyo ya kupita jikoni, kwa hiyo mlango ulikuwa mmoja tu. Alimwambia mbele yetu sote: "Huingii humu mpaka akukaribishe mwenyewe uliyempiga." Nilidhani ni hasira ya wiki. Miaka ilipita. Kijana alipata kazi ya ujenzi, akaoa, nywele zikaota na kuanza mvi, na kila alipokuja kumwona mama yake alisimama kando ya barabara. Mama alimpelekea chai na sahani nje. Krismasi walikula wima kwenye mvua, yeye na mwanawe, sisi tunawatazama kupitia dirisha lililotiwa kioo kipya. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Huyu hakuchelea, na bado alilia. Hilo wahenga walituficha.

Na rafiki yangu je? Alipona, ila sikio moja lilikufa, na karibu yake pia. Tangu siku ile alikaa ameupa ukuta mgongo, sahani ameizungushia mkono, hanikaribishi hata mimi. Siku moja, mvua inanyesha na mama yuko nje na vikombe viwili, nilishindwa kuvumilia. "Bwana, si umwite huyo mtoto aingie?" nilimwambia. "Neno moja tu. Mama wa watu anazeeka." Aliniangalia mpaka nikajuta kufungua mdomo. "Miye n'shasema mara moja," alinijibu, "nikajibiwa kwa chupa. Unataka n'seme tena nijibiwe kwa nini, kwa bunduki?" Halafu alinieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Usiku ule wa Mapinduzi yeye aliruka ukuta wa uani. Kaka yake hakuwahi kuruka. Na aliyeuvunja mlango wao kwa shoka alikuwa kijana wa mtaa wa pili, aliyekula pilau yao kila Idi. "Namjua mpaka mama yake," alisema. "Alikuwa dirishani anatazama."

Nimelifikiri neno hilo miaka mingi. Sisi tulioishi ugenini tunapenda kuwasimulia wageni wema wa makabila na dini, mikutano ya maelewano, hotuba, biskuti. Nimehudhuria mikutano hiyo Harrow mpaka nimenenepa. Na huko nyumbani nanyi mmeona ya kwenu. Kila uchaguzi ukichafuka, panga halishikwi na mtu kutoka mbali, hushikwa na mtoto wa jirani aliyeazima chumvi jana. Tunawauliza polisi walikuwa wapi, serikali ilikuwa wapi. Mimi nauliza mama yake alikuwa wapi. Baba yake, mjomba wake, rafiki yake wa kucheza naye bao. Alikuwa dirishani. Kumtetea mgeni dhidi ya mtu baki ni ujasiri, sikatai, lakini mama yule alifanya kazi ngumu zaidi na akailipia kila siku ya maisha yake. Na kuna jambo ambalo naliheshimu kuliko pigo lenyewe. Katika miaka yote ile, asubuhi kwa asubuhi, alimkaangia rafiki yangu mayai katika kikaango kilichobonyea kwa kichwa cha mwanawe, akamwekea mezani, akamwita mpenzi, na hata mara moja hakumwomba aseme lile neno. Alijua msamaha hauagizwi kama chai. Kwa nafsi yangu nisingeweza. Ningekuwa nimempigia magoti mwaka wa kwanza.

Tulimzika Alhamisi. Baada ya makaburini tulirudi mkahawani, ambao sasa unaendeshwa na mama mmoja wa Kiganda aliyeanza pale kwa kuosha vyombo, naye alitukaangia mayai sote bila kuulizwa. Soko limebadilika. Siku hizi ndizi za kupika zimejaa, na watoto wetu wanatuitikia kwa Kiingereza. Rafiki yangu alikaa palepale, mgongo ukutani, mkongojo umeegemea meza. Nilitazama nje nikamwona mwana wa marehemu amesimama kando ya barabara, suti nyeusi imelowa, kovu linang'aa juu ya nyusi. Nilimfuata. "Ingia bwana," nilimwambia, "mama yako amekufa, ule ulikuwa mlango wake." Alitikisa kichwa. "Hajasema," alinijibu. "Mama alisema mpaka yeye aseme."

Nilirudi ndani nimekasirika, kwa kweli sijui na nani. Rafiki yangu alikuwa ameacha kula. Anatazama mlangoni, kisha kikaango kwenye msumari wake, kisha mlangoni tena. Aliisukuma sahani mpaka katikati ya meza. Mguu ulitafuta kiti, ukakosa, ukakipata, ukakivuta. "Karibu," alisema, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri. Mtu mzima yule aliingia polepole, anatembea kama anayepita msikitini na viatu. Kabla hajaketi, aliichukua chupa ya sosi, siku hizi ni za plastiki, akaihamishia meza ya pili. Ndipo akakaa. Baada ya muda rafiki yangu aligawa yai kwa ubavu wa uma, akamsogezea nusu yenye kiini. "Kula," alimwambia kwa Kiingereza. "Mama yako hakupenda chakula kipoe." Yule mwana alikula, analia na kutafuna kwa pamoja, na mimi nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta maji.

Mama wa watu hakuisikia karibu ile, na sitawadanganya kwamba pengine anaisikia aliko. Ilichelewa, basi. Lakini kitu kimoja amenifundisha, nami nawaachieni. Ukitaka kumjua jirani yako, usitazame anavyokupokea wewe mlangoni, maana tabasamu kila mtu analo. Tazama siku mwanawe akiokota jiwe: anabaki dirishani, au anatoka jikoni?