Maneno ya Depite Wetu, Nilivyoyaandika

Depite wetu, mbunge wa kwetu, hatukumchagua. Lazima niliseme hilo mapema, kwa sababu watu wengi walilitumia kunifunga mdomo. Wakubwa wa vita walikaa wakapatana, wakagawana viti vya bunge la mpito, na kiti kimoja kikamwangukia mtu wa kwetu, mwalimu wa zamani mwenye sauti nzuri. Kabla hajapanda ndege kwenda Kinshasa alisimama mbele ya kanisa letu hapa mtaa wa Bigo, akanyoosha mkono juu ya vichwa vyetu.

"Mimi ni kinywa yenu," alisema. "Kilio yenu itasikika kule."

Watu walipiga makofi. Mama mdogo, aliyekuwa kando yangu, alibaki amekunja mikono.

Alikuwa mdogo wake mama yangu, mjane, muuza samaki wakavu wa Tchomia kule ziwani, mwanamke mfupi aliyetembea kama mtu anayekwenda kudai chake. Nilikuwa nakaa kwake tangu nilipokimbia Kilo. Kule Kilo nilikuwa daktilo, mpiga chapa, katika ofisi ya machimbo, na masista walikuwa wamenifundisha steno, yale maandishi ya kufupisha ambayo mkono unakimbia sawa na mdomo wa mtu. Siku ya kukimbia niliacha mashine ya kuchapa, niliacha nguo, niliacha kaburi la baba ambalo udongo wake ulikuwa bado mbichi. Steno nilikuja nayo, kwa kuwa ilikuwa ndani ya vidole.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani mama mdogo aliniuliza, "Sasa nani atajua kama ile kinywa inasema?"

"Redio inapitisha vikao, mama."

"Redio inapitisha, kisha inapita. Nani atashika?"

Kesho yake alinunua kaye ya kurasa mia na biki mbili, akaviweka juu ya kitanda changu.

Tangu hapo, kila siku ambayo bunge lilikaa, redio yetu ndogo ilining'inia kwenye mti wa meza ya samaki sokoni, na mimi nilikaa chini yake juu ya ndoo iliyopinduliwa. Niligawa ukurasa sehemu tatu: alichosema, alichoomba bunge lifanye, na alivyopiga kura. Kazi haikuwa nyepesi. Depite walikuwa mamia, Kifaransa chao kilikuwa cha mbio, na spika alitaja jina la msemaji mara moja tu. Nilijifunza kumtambua wetu kwa kikohozi kidogo alichokitoa kabla ya neno la kwanza. Wateja walizoea. Mtu akitaka samaki na mimi ninaandika, mama mdogo alimwambia, "Acha huyo, iko bungeni."

Hotuba yake ya kwanza ilikuwa nzuri, na sitaki kumnyima haki yake. Alisema juu ya watu wanaolala chini ya mahema ya plastiki karibu na uwanja wa ndege. Alisema watoto wetu wenye bunduki ni watoto kwanza, wapewe shule na kazi. Akaomba komisyoni ya bunge itumwe kwetu Ituri kuona kwa macho. Jumamosi iliyofuata, wanawake wa soko walipomaliza kupanga vitu vyao, niliwasomea yote, nikigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili. Muuza mihogo mmoja alilia. Mwingine alisema, "Basi hatukufa kabisa." Tangu siku hiyo kila Jumamosi walinisubiri.

Kisha alinyamaza. Vikao vilipita, kikohozi chake sikukisikia. Alipoamka tena, alisimama kwa mosyo ya utaratibu, ile hoja ya kukatiza kikao: alilalamika kwamba depite wa majimbo ya mbali hawajapewa magari kama wenzao. Niliandika neno kwa neno. Siku ile ombi lake mwenyewe la komisyoni lilipoletwa lipigiwe kura, spika aliuliza aliyelileta yuko wapi alitetee. Karani aliita jina lake mara mbili, na mara zote mbili nilisikia kimya, na katika kile kimya mtu akisogeza kiti. Ombi likawekwa pembeni. Mimi nilibaki na biki juu ya karatasi, nikasikia aibu kana kwamba ni mimi niliyeitwa.

Jumamosi hiyo mama mdogo alinitazama nikisitasita. "Soma," alisema. "Ulisoma ya kusifu. Na hii soma."

Nilisoma. Hakuna aliyelia. Mwanamume mmoja aliyekuwa ananunua chumvi alituambia tunajisumbua bure. "Hamukumuchagua. Mutamuuliza nini?"

"Anasema kwa jina yangu," mama mdogo alimjibu. "Mutu akikopa jina yangu, nitafuata kuona anaenda nayo wapi."

Wakati huo barabara ya Tchomia ilikuwa bado mikononi mwa vijana wenye silaha, lakini samaki hawaji sokoni peke yao. Wiki moja tulipanda lori pamoja kwenda kuwachukua, nami nilibeba redio na kaye kwa sababu kulikuwa na kikao. Kwenye bariere moja, kizuizi cha vijana hao, katikati ya asubuhi, walitushusha wote. Kijana aliyepekua kikapu changu alifungua kaye, akaona alama zangu zilizojikunja kama nyayo za kuku, akaita wenzake. Dakika haikupita tukawa tumeketi chini mbele ya mkubwa wao, mwanamume wa miaka kama thelathini, miwani ikiwa na kioo kimoja kilichopasuka. Mama mdogo walitaka kumwacha aende. Alikataa kuinuka.

"Hii kode, haya maandishi ya siri, ni ya nani?" mkubwa aliniuliza.

"Si kode. Ni steno. Ninaandika maneno ya depite wetu kule Kinshasa."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

Walicheka. Yeye hakucheka. Alisema majasusi wote wanatumwa na hakuna. Pamoja na hofu ilinipanda hasira ambayo sikuwahi kuijua. Nilikuwa nimekimbia vya kutosha. Nilikuwa nimewaachia watu wa namna yake nyumba, kazi, na kaburi la baba. Nikamwambia, "Washa ile redio. Acha iseme. Mimi nitaandika, weye ushike kichwani. Kisha nitasoma. Nikikosea, ufanye unavyotaka."

Alinitazama sana. Halafu aliwasha. Ilikuwa habari ya Kifaransa, mtu akisoma kwa haraka juu ya bei ya mafuta ya gari na ziara ya waziri. Niliandika kwenye goti. Alipozima, nilimsomea kila neno, mpaka pale msomaji alipojikwaa akarudia. Vijana wakasogea. Mmoja, bunduki ikiwa mgongoni, alichungulia ukurasa wangu na kuuliza kama hata jina lake linaweza kuandikwa hivyo.

Mkubwa alirudi kwenye kaye. "Huyu depite alisema nini juu yetu?"

Nilimsomea ile hotuba ya kwanza, mahali pa watoto wenye bunduki. "Na kisha?" aliuliza. Nikamsomea habari ya magari. "Na kisha?" Nikamsomea siku ya kura, jina likiitwa mara mbili.

Alivua miwani akaifuta kwa shati. Alisema alikuwa mwaka wa pili wa sheria vita ilipoanza. Kisha, kana kwamba ameona haya kwa kusema hivyo, sauti yake ikabadilika. "Mwende. Kaye inabaki hapa. Na weye, mama, hii kazi uiache. Mutu wa siasa anauma hata akiwa mbali."

Tuliinuka. Mama mdogo alijikung'uta vumbi, akamwambia, "Mutoto wangu, hata siye tuko na meno," akapanda lori.

Njia yote nilidhani kila kitu kimepotea. Nilikumbuka maneno mengi, lakini si yote, na wala si kwa mpangilio. Tuliporudi, mama mdogo ndiye aliyewaita wanawake wa soko. Walikaa kwenye viroba vyao, nami nikiwa na kaye mpya, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kutoa. Muuza mihogo alikumbuka hotuba ya kwanza nusu nzima, kwa sababu siku hiyo alikuwa amepata habari ya mwanawe aliyepotea. Mwingine alikumbuka habari ya magari kwa sababu alicheka mpaka akamwaga unga. Kura ya bajeti ilikumbukwa na mama aliyejifungua usiku wake: depite aliunga mkono, alisema, na mtoto alikuja na kilo tatu. Walipobishana, sikuandika. Walipokubaliana watatu au zaidi, niliandika. Kabla soko halijafungwa, kaye ilikuwa imerudi, na safari hii niliiandika kwa herufi za kawaida ili kila anayejua kusoma aisome.

Wakati wa likizo ya bunge depite alikuja. Ukumbi wa parokia ulijaa, na wengine walisimama madirishani. Alikuwa amenenepa, suti ilimkaa vizuri. Alisema kwamba hakuna kikao kilichopita bila yeye kulia kilio cha Ituri, na kwamba ombi lake la komisyoni lilikataliwa na maadui wetu.

Mama mdogo aliinua mkono. Kijana wa itifaki alijifanya hamwoni. Akaendelea kuuinua, na wanawake waliokuwa nyuma yake wakainua ya kwao, mpaka ule upande wote wa ukumbi ukawa mikono mitupu.

"Onorable," alisema, "binti yangu ana maneno."

Nilisimama. Nilisoma nilivyosoma sokoni: alichosema, alichoomba, alivyopiga kura. Nilianza na hotuba ya kwanza, yote, mpaka akaanza kuitikia kwa kichwa kwa furaha. Kisha nikasoma magari. Kisha nikasoma kura ya komisyoni, na kwamba haikukataliwa na adui yeyote. Iliwekwa pembeni kwa sababu mwenyewe hakuwepo.

"Nani anakulipa, madame?" depite aliuliza.

"Hakuna, Onorable. Mulisema muko kinywa yetu. Mutu anaweza kugusa kinywa yake mwenyewe kujua kama iko inafunguka."

Watu walinguruma. Aliinua viganja kuwatuliza, na lazima nikiri kwamba alijibu kama mtu mzima. Alisema redio haisikii yote. Kazi nyingi inafanyika katika makomisyoni, zile kamati za ndani, milango ikiwa imefungwa. Hilo lilikuwa kweli, nami sikulijua, nikaliandika hapo hapo mbele yake. Halafu, kwa sauti ya chini, alisema siku ya ile kura alikuwa anamzika mama yake.

Nilimpa pole, nikaandika pia hilo, na nikamwonyesha ukurasa aone nimeliandika sawasawa. Alisoma, akaitikia kwa kichwa. Ningeweza kukaa. Mtu wa itifaki alikuwa tayari ameshika kiti changu anisaidie kukaa. Lakini kulikuwa na majina mengine yaliyoitwa bila kujibiwa, siku nyingine kabisa, na nyuma yangu walikuwa wamesimama watu ambao wamezika mama, baba na watoto, na kesho yake wakafungua meza.

"Na siku zingine, Onorable?" nikauliza. "Ombi lenyewe, mulipotoka kwenye kilio, mulilirudisha?"

Alitazama saa yake, akasema ndege inamngoja.

Wiki ile watu wawili walikuja nyumbani kutuambia tunamwaibisha mtoto wa kabila mbele ya makabila mengine. Mama mdogo aliwapa viti na maji ya kunywa, akawasikiliza hadi mwisho. "Aibu haikutoka kwa mutu mwenye kuandika," alisema. Mmoja wao hakurudi kununua samaki kwetu tena.

Bunge lilipofunguliwa, siku ya nne nilisikia kikohozi. Alirudisha ombi lake la komisyoni, akamwuliza waziri maswali matano, moja baada ya jingine, juu ya barabara, juu ya mahema, juu ya silaha zinazoingia. Alisema vizuri kuliko mara ya kwanza. Waziri aliahidi kuja na majibu. Hakuja. Ombi lilipita, lakini komisyoni ilipotumwa iliishia kukaa hotelini siku mbili. Niliandika yote hayo. Wanawake waliposikia, hawakupiga makofi wala hawakusonya. Walitaka kujua waziri anaitwa nani, na yeye nani anamwandika.

Vita haikukoma kwa sababu yetu. Vijiji viliendelea kuungua, na hata siku tulipopata kadi za kupiga kura, zilisikika risasi upande wa Djugu. Lakini safari hii waliotaka viti vya bunge walikuwa lazima watuombe kura. Depite wetu aligombea, na alishindwa. Wengine walisema ni kaye iliyomwangusha. Mimi sidhani, ilimsaidia na ilimwumiza, kila ukurasa kwa kadiri yake.

Kabla ya kura hiyo, wagombea walianza kupita kwenye meza ya samaki. Mmoja, mfanyabiashara mwenye viatu vyeupe, aliinama kwa heshima akamsalimu mama mdogo, akauliza kama anaweza kuona kilichoandikwa juu yake.

Mama mdogo alimfungulia ukurasa mweupe.

"Kwako bado hakuna kitu," alimwambia. "Enda ufanye, tutaandika."