Nilimwambia Mdogo Wangu Akubali Yaishe

Kosa ni langu peke yangu, na nimechoka kulibeba. Mdogo wangu ana mwaka wa tatu gerezani, na mdomo uliompeleka huko ni huu wangu.

Mimi darasa la nne sikumaliza. Lakini ulizeni minada yote, Bariadi hadi Mwandoya, nani hanijui! Nilianza na mbuzi mmoja tu. Leo nina mazizi matatu. Basi nikajiona najua kila kitu.

Ng'ombe wawili wa wizi walikutwa kwenye zizi la mdogo wangu. Aliwanunua njiani kwa mtu asiyemjua, bila kibali. Kuiba hakuiba. Polisi wakamchukua.

Mke wangu akaniambia, "Baba Masanja, tafuta wakili kwanza, kabla hajaandika maelezo."

Nikamcheka. "Wakili wa nini? Mimi kesi ngapi nimezimaliza?"

Na kweli nimezimaliza, ila kwa wazee. Kwetu ng'ombe wa mtu akikutwa kwako hubishi. Unakubali, unatoa faini, mnachinja, mnakula, kesho mnasalimiana. Anayekana ndiye anayetengwa.

Kituoni askari alimuuliza vizuri tu, "Unataka wakili, ndugu au rafiki awepo?"

Nikadakia, "Ndugu si mimi hapa! Andika, afande."

Mdogo wangu akaninong'oneza, "Kaka, mimi sikuiba."

"We kubali yaishe. Ng'ombe wa kulipa ninao!"

Akanitazama. Akakubali. Akaweka dole gumba kwenye karatasi ya maelezo. Jamani!

Hayakuisha. Wenye mali niliwapa ng'ombe wanne, wakashukuru, tukashikana mikono. Kesi ikaendelea vilevile, kumbe mshtaki ni Jamhuri, si wenye ng'ombe! Ndipo nikakimbilia wakili. Akasoma ile karatasi, akavua miwani.

"Mzee, mgonjwa ungemleta mapema. Hapa umenileta msibani."

Alipambana, lakini hakimu alisomewa maneno ya mdogo wangu mwenyewe. Miaka mitano.

Juzi nilienda kumwona. Akaniuliza taratibu, "Kaka, hivi siku ile uliamini niliiba?"

Sikuamini hata dakika moja. Nilishindwa kumwambia, maana angeniuliza kwa nini basi.

Ndugu zangu wenye ng'ombe, hata wenye pesa kama mimi! Mtu wako akishikwa, tafuta wakili siku hiyohiyo, kabla ya karatasi. Mwambie anyamaze mpaka wakili afike. Na wewe kaka mkubwa unayejua kila kitu, kaa nje, unyamaze pia.