Mwaka Tuliozima Moto Mapema

Harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji hunitibua roho hadi leo. Nikiisikia tu, naliona jiko la mama kijijini kwetu, karibu na Ipinda, mvua ikigonga migomba, nami binti mdogo nisiyetulia naingia na kutoka. Mwaka ule baba zetu walikuwa wawaachie wana wao madaraka: jumbe mzee apumzike, vijana wapate jumbe wa rika lao, na kila nyumba izime moto wake, ifagie majivu, kisha iwashe kwa moto mpya utakaopekechwa siku hiyo. Rika zima lilimtaja kaka yangu Ambakisye. Mama kwa kiherehere chake hakungoja. Siku moja kabla alizima moto, akafagia mpaka mafiga yakabaki hayana hata chembe ya jivu.

Asubuhi akaja tarishi wa boma. Alisema serikali iko vitani, na wakati wa vita majumbe hawabadilishwi. Shughuli imeahirishwa mpaka vita viishe. Lini, hakuna aliyejua. Vijana walinung'unika, wazee wakatazama chini, na sisi tukabaki na jiko baridi huku majirani wakitucheka. Ikabidi tukaombe kaa la moto, na nyumba ya karibu ilikuwa ya jumbe mzee yuleyule. Nilimfuata kaka nikiwa nimeshika kigae. Alimwamkia kwa adabu, akaeleza haja yetu. Mzee alichokoa makaa taratibu, akatuwekea kwenye kigae.

"Ndaga, tata," kaka alishukuru.

"Chukua, mwanangu. Bado ni moto wangu."

Tukaishi kwa kungoja. Hata kanisani sikutulia. Lori likinguruma barabarani nilichomoka nje nikidhani limeleta habari kwamba vita vimekwisha. Likaja agizo la kutoa vijana wa kwenda jeshini, na wa kuwataja alikuwa jumbe. Alianza na kaka. Kama ni kinyongo au alitii amri tu, sijui. Nilimchukia, na chuki hiyo ninayo bado. Vita vikaisha, kaka hakurudi. Siku ya kuzima moto ilipofika kweli, na rafiki wa kaka akafanywa jumbe, mama alikaa mbele ya jiko lake akakataa katakata.

"Huu aliuleta Ambakisye," alisema. Wakamwacha.

Siku hizi napikia gesi, nawasha na kuzima nipendavyo, siombi kaa kwa mtu. Vitukuu vyangu hupiga kura. Wakisikia uchaguzi umesogezwa mbele hawashtuki. Wananiambia nisihangaike, bibi, utafanyika tu. Ni kweli. Hata wetu ulifanyika, ila tuliyemtaka hakuwepo.